Kufunga Nati ya Kubana Nyuzi Kwenye Shingo ya Gitaa la Umeme

Karibuni watazamaji. Katika video hii tunaondoa nati ya kawaida, kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi karibu na kichwa cha gitaa, na mahali pake tunafunga nati ya chuma yenye vibanio, ambayo Floyd Rose aliibuni nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 ili nyuzi zisihame sauti mpigaji anapotumia mkono wa tremolo, ile fimbo ya darajani inayopandisha na kushusha sauti ya nyuzi.

Kabla ya kugusa patasi, hakikisha kwamba daraja la gitaa lako, kile kipande cha mwilini kinachoshika ncha ya pili ya nyuzi, lina skrubu ndogo za kurekebishia sauti, kwa sababu vibanio vikishakazwa vifunguo vya kichwani vinavyozungushwa kukaza nyuzi havifanyi kazi tena. Angalia pia fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo inarekebishwa kutokea wapi. Ikiwa tundu lake liko nyuma tu ya nati, nati mpya inaweza kuliziba, na kwa maoni yangu shingo ya namna hiyo ni afadhali iachwe ilivyo.

Pima upana wa shingo palipo na nati, kwani nati hizi huuzwa kwa vipimo tofauti, vikiwamo milimita 41.3 na 42.9, na iliyozidi upana itakukwaruza mkono kila unapocheza.

Sasa legeza nyuzi, zitoe, kisha gonga nati ya zamani taratibu kwa kipande cha mbao hadi gundi iachie. Ukingo wa mbele wa nati mpya, ule unaotazama freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), lazima ukae palepale ulipokuwa ukingo wa nati ya zamani. Kwenye gitaa ambalo urefu wa uzi unaopigwa ni milimita 648, kutoka ukingo huo hadi katikati ya freti ya kwanza ni takriban milimita 36.4, ukisogea hata kidogo, noti zote utakazobonyeza zitatofautiana na uzi mtupu, yaani usiobonyezwa. Nafasi ya ziada inayohitajika kwa nati ya chuma, ambayo ni nene zaidi, huchongwa kuelekea kichwani.

Kina cha kuchonga hupatikana kwa hesabu fupi. Pima kutoka chini ya nati hadi sakafu ya mfereji wa uzi, toa kimo cha freti, kisha toa tena kama nusu milimita; kinachobaki ndicho kina cha kiti cha nati chini ya uso wa ubao wa freti. Weka alama kwa kisu chenye makali, chonga kwa patasi ukiacha mbao kidogo, halafu malizia kwa tupa bapa huku ukikagua kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba. Usiwe na haraka hapa, maana kiti kilichopita kiasi hudai vipande vyembamba vya shaba chini ya nati, na mbao nyingi ikiondoka shingo hudhoofika mahali ambapo tayari ni pembamba.

Kuhusu matundu, mimi napendelea skrubu za mbao zinazoingia kutoka juu kuliko boliti zinazotoboa shingo hadi nyuma. Zungushia utepe kwenye keekee kuonyesha kina, na toboa kwa msumari wa keekee mwembamba kuliko skrubu.

Funga nati, rudisha nyuzi, kisha bonyeza kila uzi kwenye freti ya tatu: juu ya freti ya kwanza inatakiwa ibaki nafasi ndogo sana, lakini uzi usiiguse. Nyuzi zikipita juu bila kulala kwenye nati, weka upau wa kuzishusha upande wa kichwani, la sivyo sauti itapanda kila unapokaza vibanio. Weka skrubu za darajani katikati ya mwendo wao, tyuni kwa vifunguo, vuta nyuzi zinyooke, tyuni tena, kisha kaza vibanio vitatu kwa spana ya Allen bila kutumia nguvu nyingi. Tofauti ndogo itakayobaki irekebishe darajani.