Ulichonunua ni Chako Mpaka Lini?

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie kero za kompyuta na simu, na najua kila aliyekaa humu ana za kwake. Programu inaganda kazi ikiwa katikati. Sasisho linaingia saa usiyolitaka. Kitufe ulichokizoea unakikuta kimehamishwa. Hayo yote yanaudhi kweli, lakini leo nitayapita. Nataka kusema jambo moja ambalo naliona ni mzizi wa mengi kati ya hayo: muuzaji wa bidhaa za kidijitali hapokei fedha akaondoka. Anapokea fedha, kisha anabaki ameshikilia kile alichokuuzia.

Mfano ambao kila mtu angepaswa kuujua ni wa Julai 2009. Kampuni ya Amazon iligundua kwamba riwaya mbili za George Orwell zilikuwa zimeingizwa kwenye duka lake la vitabu vya kielektroniki na mchapishaji asiyekuwa na haki ya kuziuza. Ikawarudishia wateja fedha zao, na papo hapo ikavifuta vitabu hivyo ndani ya Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu, vilivyokuwa majumbani mwa watu. Haikuomba ruhusa ya mtu. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo juu ya kitabu kimojawapo. Maelezo yakabaki, lakini kurasa yaliyozihusu hazikuwepo tena. Siku chache baadaye Jeff Bezos, mkuu wa kampuni wakati huo, aliomba radhi hadharani, na sina sababu ya kuitilia shaka radhi yake. Ninachotaka mkitazame ni kile kilichofichuka siku ile. Uwezo wa kuingia kwenye kifaa cha mteja na kuondoa alichokinunua ulikuwa umejengwa ndani yake tangu kinatoka kiwandani.

Miaka kumi baadaye Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka mwaka 2019. Wateja walirudishiwa fedha, na waliokuwa wameandika maelezo ndani ya vitabu wakaongezewa dola 25. Nimesikia watu wakisema, basi, fedha si zimerudi, tunalalamikia nini? Mimi nasema fedha si kitabu. Mtu akiingia chumbani kwako, akachukua kitabu rafuni na kuacha noti mezani, hujauza kitu. Umenyang'anywa.

Sheria ilikwishalitazama jambo hili zamani, tena kwa habari ya kitabu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni ya uchapishaji ya Marekani, Bobbs-Merrill, ilichapa onyo ndani ya riwaya yake kwamba muuzaji yeyote asiiuze chini ya dola 1. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1908 majaji wakaamua kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, mamlaka yake juu ya mauzo ya nakala hiyo yamekwisha. Hakimiliki anabaki nayo, wala hakuna wa kuichapa upya bila idhini yake. Lakini nakala yenyewe ni ya aliyeilipia. Anaweza kuiuza, kuiazimisha au kuwarithisha wanawe. Onyo lile la ndani ya kitabu ndilo babu wa vigezo na masharti ambavyo leo tunavibofya "Nakubali" bila kuvisoma. Mahakama ililikataa.

Kwa upande wa faili, kanuni hiyo imepinduliwa, na imepinduliwa kimyakimya. Kampuni zinasema haziuzi nakala bali zinatoa leseni ya kutumia. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa huko New York iliikatalia kampuni ya ReDigi, iliyotaka watu wauziane nyimbo walizonunua mtandaoni, kwa hoja kwamba wimbo hauhami kutoka kompyuta moja kwenda nyingine bila nakala mpya kutengenezwa. Ulaya nako, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu mwaka 2012 leseni za programu ziuzwe tena na waliozinunua, kisha mwaka 2019 ikakataa kwa vitabu vya kielektroniki. Maana yake programu ya mahesabu unaweza kuiuza ukiwa huihitaji tena, ila riwaya huwezi. Mimi sioni mantiki yake. Na maktaba zimeumia zaidi ya sisi wengine: mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea kikomo kwamba kitabu cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26, leseni imekwisha na maktaba inunue upya. Kitabu cha karatasi kinachakaa, ni kweli. Faili halichakai. Hapa uchakavu umetungwa na mkataba.

Sasa tuje kwenye vifaa. Kulikuwa na kifaa kinaitwa Revolv, cha kuendeshea taa na mitambo ya nyumbani, kilichouzwa dola 299. Kampuni ya Nest iliinunua kampuni iliyokitengeneza, na Mei 2016 ikazima seva zake, yaani kompyuta za mbali zilizokuwa zikikihudumia. Vifaa vyote vikafa siku moja. Havikuwa vimeharibika, nyaya zilikuwa nzima na umeme ulikuwepo. Viliundwa viwe vinaomba ruhusa kwa seva ya mbali kabla ya kuwasha taa iliyo chumba hichohicho, na seva ilipoacha kujibu, vikakosa kazi.

Kwenye michezo ya kompyuta mambo ni mabaya zaidi, na naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu wakubwa wengi huyaona magemu kama mambo ya watoto. Kampuni ya Ubisoft ilitoa gemu la magari liitwalo The Crew mwaka 2014. Lilidai intaneti wakati wote, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva, na gemu ambalo watu walilinunua kwa fedha kamili likawa halifunguki, hata kwa mwenye diski mkononi. Hasira ilikuwa kubwa. Ross Scott, mtengeneza video, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni 1. Someni wanachokiomba. Hawasemi kampuni iendeshe seva milele. Wanasema siku ya kuzima ikifika, iwaachie waliolipa njia ya kucheza bila seva yake. Dai dogo hilo, na naliunga mkono kwa moyo wote.

Kuna hasara nyingine hapo isiyo ya mteja mmoja. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya magemu, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotolewa Marekani kabla ya 2010 hayapatikani tena madukani. Hiyo ni kazi ya wachoraji, wanamuziki, waandishi wa hadithi na wahandisi. Nani angekubali asilimia 87 ya vitabu vya zama moja iwe haipatikani kwa kununua, kisha asikae kuuliza kwa nini?

Kampuni huyalinda masharti yao kwa kufuli za kidijitali, yaani programu zinazozuia faili au kifaa kutumika bila idhini yao. Mtauliza, mbona watu wasivunje tu hizo kufuli na kubaki na kilicho chao? Kwa sababu sheria inawakataza. Marekani ilipitisha mwaka 1998 sheria iitwayo DMCA, inayokataza kuvunja kufuli ya kidijitali hata pale ambapo hukuiba chochote na unataka tu kutumia ulichonunua. Nchi nyingine nyingi zina sheria za namna hiyo. Kila baada ya miaka mitatu wahusika hupeleka maombi ya misamaha: huyu aruhusiwe kutengeneza gari lake, yule aruhusiwe kufungua simu yake. Msamaha usipohuishwa, haki inapotea. Januari 2013 msamaha wa kufungua simu ili zitumie laini ya mtandao mwingine uliisha kwa simu mpya, na ikawa kosa kufanya hivyo bila kibali cha kampuni ya simu. Zaidi ya watu 114,000 wakatia saini kupinga, na Agosti 2014 ikabidi Bunge litunge sheria nzima ili mtu afungue simu aliyomaliza kuilipia. Wakulima wamepambana hivyohivyo juu ya matrekta yao, ambayo fundi bila programu ya kiwanda hawezi kuyatengeneza. Jimbo la Colorado limewapa wakulima wake haki ya kutengeneza vifaa vyao kuanzia Januari 2024.

Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha tatizo, kuliko hata hizo leseni. Mkataba mbaya unaweza kuukimbia ukaenda kwa muuzaji mwingine. Lakini sheria inapoilinda kufuli yenyewe, huna pa kukimbilia, na mhandisi mwema ambaye angekusaidia anaogopa mahakama.

Watetezi wa kufuli husema bila kufuli kila mtu angeiba. Hoja hiyo tumeshaijaribu. Januari 2009 Apple ilitangaza kwamba nyimbo za iTunes, duka lake la muziki, zitauzwa bila kufuli, na muziki haukuacha kuuzwa. Waliohifadhi nyimbo walizonunua hivyo wanazisikiliza hadi leo kwenye kifaa chochote, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kuna hoja yao nyingine ambayo ni nzito, na sitaki kuipuuza: usalama. Kifaa kilichounganishwa na intaneti kinahitaji masasisho, na kuyaandaa kunagharimu. Nakubali kabisa. Ila tazameni jinsi gharama hiyo inavyotupwa kwa mnunuzi. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na msaada wake wa kawaida ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zinazoiendesha ni nzima, zina kumbukumbu ya kutosha na skrini safi, lakini Windows 11 inazikataa kwa sababu hazina kichakataji kinachotakiwa au chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaambiwa anunue nyingine. Anaweza kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta usio wa Microsoft, na mimi humshauri kila mtu aijaribu, lakini mtu anayetegemea programu fulani ya kazini hana uchaguzi huo.

Ahadi ni deni, kwa hiyo nataka ahadi ya masasisho iandikwe kwenye boksi, pamoja na tarehe. Hii si ndoto. Uingereza imeweka sheria tangu Aprili 2024 kwamba mtengenezaji wa kifaa cha kuunganishwa na intaneti aseme wazi atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: kuanzia Juni 2025, simu janja mpya inayoingizwa sokoni lazima ipate masasisho kwa angalau miaka 5 tangu toleo hilo liache kuuzwa, vipuri vipatikane kwa miaka 7, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. California nayo, tangu Januari 2025, inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mteja kwamba ananunua, ikiwa hajamweleza bayana kwamba anapewa leseni tu. Hii ya California naiona dhaifu. Kumtangazia mtu kwamba atanyang'anywa hakumlindi asinyang'anywe.

Ningepewa kalamu ya kutunga sheria, ningeanza na ile ya kufuli. Asiyeiba asiwe na kosa: kuvunja kufuli ili usome, utengeneze au uhifadhi ulichonunua iwe halali moja kwa moja, bila kwenda kuomba msamaha kila baada ya miaka mitatu. Kisha ningesema kampuni inayozima huduma itoe kwanza sasisho la mwisho la kukiwezesha kifaa kufanya kazi bila seva. Na ikishindwa kabisa, itoe maelezo ya kiufundi ili wengine wafanye. Sasisho la aina hiyo linagharimu, ndiyo, lakini gharama yake ikijulikana tangu mwanzo, mhandisi atajenga kifaa kisichohitaji seva kuwasha taa.

Mwenyekiti ameniletea swali la maandishi, nalijibu kisha nikae. Muulizaji ana picha zote za familia kwenye huduma moja ya mtandaoni na anataka kujua kama ziko salama. Ziko salama kadiri kampuni ile itakavyoendelea kuwepo, na kadiri akaunti yako isivyofungwa. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Myspace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilikuwa imepoteza muziki ambao watu waliupandisha kati ya 2003 na 2015, ilipokuwa inahamisha seva zake. Waliokuwa na nakala nyumbani hawakupoteza chochote. Kwa hiyo pakua picha zako katika ubora wa awali, usipakue zile zilizopunguzwa. Zihifadhi kwa miundo inayofunguliwa na programu yoyote: JPEG kwa picha, PDF au maandishi ya kawaida kwa nyaraka. Weka kwenye diski mbili, na diski hizo zisikae nyumba moja. Mara moja kwa mwaka zichomeke kwenye kompyuta na uzifungue picha kadhaa, za mwanzo na za mwisho, uone kama kweli zinaonekana. Diski ikianza kusitasita, nunua nyingine wiki hiyohiyo na unakili kutoka kwenye ile nzima.