Mzimu Naye Ana Jina: Bleach, Jujutsu Kaisen na Kazi ya Kuwaondoa Wafu

ZUHURA: Wasikilizaji, hamjambo. Mimi Zuhura, niko na kaka Baraka. Leo ni mizimu tu. Baraka, wiki nzima umenitumia sauti za usiku wa manane kuhusu Bleach, ile manga, yaani katuni ya Kijapani. Haya, toa dukuduku lako.

BARAKA: Dada, nimeanza kuisoma upya tangu sura ya kwanza. Tite Kubo aliianza 2001 kwenye Weekly Shonen Jump, akaimaliza 2016. Nikiwa sekondari nilikuwa naruka mazungumzo nifike haraka kwenye mapanga. Safari hii nimekwama mwanzoni kabisa. Ichigo, yule mwanafunzi anayefanya kazi ya Shinigami, wasindikizaji wa roho za wafu, anapompiga mzimu upanga, anamfanya nini hasa? Anamuua? Keshakufa. Anamfukuza? Aende wapi?

ZUHURA: Hata Kiswahili chetu kinatutega hapo. Kuna kupunga pepo na kuna kufukuza pepo, na watu wanachanganya. Kwetu pwani mtu akipungwa, ngoma inapigwa, ubani unafukizwa, halafu pepo anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Akitaka pete au nguo, anapewa. Mara nyingi haondoki, anatulizwa, maisha yanaendelea. Kufukuza ni habari nyingine. Toka!

BARAKA: Bila maswali.

ZUHURA: Bila swali hata moja. Wajapani nao wana maneno yao. Kwenye Jujutsu Kaisen, manga nyingine ya kupambana na mizimu, wanasema harau, neno la matambiko ya Kishinto, kutakasa, kama unavyoondoa najisi. Bleach ina konso, limeandikwa kwa herufi ya roho na herufi ya maziko. Mzimu ambaye hajaharibika anagongwa kwenye paji la uso kwa kitako cha mpini, basi, amezikwa mara ya pili. Jujutsu inaona najisi mbele yake, Bleach inaona maiti ya mtu.

BARAKA: Ngoja niitetee Jujutsu. Laana, yaani majini wanayoyaondoa kule, si wafu. Gege Akutami ameziandika kama hofu na chuki na majuto ya watu walio hai, yanajazana mashuleni na mahospitalini mpaka yanapata mwili. Kuondoa kitu kama hicho sioni kosa lake. Ni sawa na kuzibua mtaro kabla ya mvua.

ZUHURA: Na Rika?

BARAKA: Aah. Rika hapana.

ZUHURA: Tuwaeleze ambao hawajasoma. Rika Orimoto alikuwa mtoto, akampa mwenzake Yuta pete, wakaahidiana wakikua wataoana. Akagongwa na gari Yuta akiangalia. Miaka sita Rika anamwandama akiwa jitu la kutisha, anamuumiza yeyote anayemchokoza Yuta. Unasoma ukiamini marehemu ndiye kang'ang'ania. Kumbe ni Yuta. Alipomwona pale barabarani alikataa asife, na kule kukataa ndiko kulikomfunga. Sasa hapo ungemfukuza nani?

BARAKA: Na anapofunguliwa, Rika anamwambia miaka ile sita ilikuwa ya furaha kuliko alipokuwa hai. Nilifunga kitabu, nikakaa kidogo.

ZUHURA: Turudi kwenye Bleach, kwa Sora, kaka yake Orihime, yule binti anayesoma na Ichigo. Najua ndipo ulipokwama.

BARAKA: Ndipo. Sora kafa miaka mitatu nyuma, ndiye aliyemlea mdogo wake. Kule Japani nyumba huwa na kimeza cha marehemu, picha yake iko pale, unapiga magoti, unaongea naye. Orihime mwanzoni anaomba kila siku. Halafu anapunguza. Sora anaona amesahaulika, upweke unamla, anageuka Hollow, roho iliyoharibika ikawa zimwi, kifua kina tundu, uso umefunikwa kinyago cha mfupa. Anarudi kumuua mtu aliyempenda kuliko wote.

ZUHURA: Na kwa nini alipunguza?

BARAKA: Hakutaka kaka yake aendelee kumwona analia! Alitaka ajue kwamba anacheka, ana rafiki, ili aondoke bila wasiwasi. Wote wawili wanapendana, na hakuna anayejua mwenzake anawaza nini. Kuna vile vibanio vya nywele pia. Sora alimnunulia, mtoto akavikataa, vya kitoto, wakanuniana. Asubuhi ile kaka akatoka bila kuagwa, akafa. Tangu hapo Orihime anavibana kila siku.

ZUHURA: Kile asichokisema mlangoni, itterasshai, kwa Kiswahili ni "nenda urudi." Anayetoka nyumbani anaambiwa hivyo. Orihime, bega linavuja damu, anamkumbatia huyo Hollow, na Sora mwenyewe anajichoma upanga wa Ichigo ili aondoke kabla akili haijapotea tena. Ndipo binti anamwambia: nenda urudi, kaka. Anamwambia mtu asiyerudi. Mimi pale huwa nalia, sifichi.

BARAKA: Lakini dada, Sora alikaribia kuua. Kuna Hollow hana dada wa kumkumbatia, anakula watu tu. Utamuuliza jina saa ngapi? Mimi namwelewa Ishida, mwanafunzi mwenzake Ichigo. Ukoo wake wa Quincy, wanadamu wawindaji wa Hollow, waliwaangamiza wasibaki hata chembe. Hoja yao ni nyepesi: huyu kamla mama yangu, kwa nini umsindikize kwa heshima?

ZUHURA: Hoja ya mfiwa hiyo, na naiheshimu. Ila Kubo ameweka kitu. Upanga wa Shinigami unaosha dhambi alizotenda mtu akiwa Hollow. Alizotenda akiwa hai, zile nzito, zinampeleka jehanamu. Yaani maovu aliyoyafanya wakati maumivu yamemtoa akilini hayahesabiwi. Ni hukumu ya kiutu mno.

BARAKA: Ya kiutu? Hao hao Shinigami waliwafuta Quincy miaka mia mbili nyuma, eti mizani ya roho inavurugika! Na hiyo Soul Society, ahera wanakozipeleka roho, wilaya za mbali watu wanauana kwa maji. Halafu ile sura maalumu iliyotoka 2021: mazishi ya heshima ya makapteni wa Shinigami, kumbe roho zao zilikuwa zinatupwa jehanamu. Wasindikizaji wenyewe hawakujua.

ZUHURA: Hapo umenishika. Msindikizaji asiyejua njia inakoishia hana haki ya kumwambia mtu atulie. Lakini mimi sisemi tuwaamini Shinigami. Nasema wafu waulizwe. Hilo Japani ni la zamani. Sugawara no Michizane, msomi wa ikulu, alisingiziwa, akapelekwa uhamishoni Dazaifu, akafia huko 903. Mwaka 930 radi ikapiga ikulu, ikaua watu, wakasema ni yeye. Hawakumwinulia panga. Tayari 923 walikuwa wamemrudishia cheo chake, na 947 wakamjengea hekalu la Kitano, Kyoto. Leo wanafunzi wanakwenda kumwomba wafaulu mitihani.

BARAKA: Waliomba msamaha kwa mzimu.

ZUHURA: Mzimu alikuwa anadai haki yake! Ungemfukuza, na deni je?

BARAKA: Sawa, huyo alikuwa na deni. Mimi bado nasema anayekula watu apigwe, jina litafuata. Lakini kuna kisanduku kimoja kwenye Bleach sina la kukijibu. Yule mtoto Yuichi, roho yake imetiwa ndani ya kasuku. Mnyororo unaofunga roho yake na mwili umekatika, hakuna tena mwili wa kurudia. Chad, rafiki yake Ichigo, amekimbia mji mzima amebeba kile kizimba mtoto asije akadhurika. Muda wa konso unafika, mtoto anashukuru, anaaga. Na Chad, lile jitu lisilo na maneno, anamuuliza: nikifa, nikija huko, naweza kukubeba tena?

ZUHURA: Anaomba ruhusa.

BARAKA: Kwa mtoto wa kasuku. Na mtoto anamwambia, ndiyo.