Kurusha Maulidi ya Lamu Mubashara: Matumizi Bora ya Seva za Wingu

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaowarushia Maulidi jamaa zetu walioko Mombasa, Jeddah na London, nashukuru kwa nafasi hii.

Kuchakata picha na kuigawa ni kazi mbili, na kila moja hula rasilimali zake. Kamera iliyoko Msikiti wa Riyadha hupeleka mkondo mmoja wa video. Seva ya wingu, yaani kompyuta ya kukodi inayofikiwa kupitia intaneti, huupokea na kuutoa kwa viwango kadhaa vya ubora wa picha, tuseme 1080p, 720p na 360p, ili mwenye mtandao hafifu naye aone. Kazi hiyo huielemea prosesa, lakini haizidi hata watazamaji wakitoka 10 wakawa 1,000. Kinachozidi ni data inayotoka. Mkondo wa megabiti 3 kwa sekunde humfikishia kila mtazamaji gigabaiti 1.35 kwa saa; wakiwa 1,000, seva hulazimika kusukuma gigabiti 3 kila sekunde. Basi picha ikikwama kwa watazamaji ilhali prosesa imetulia na mkondo wa kamera unafika salama, kukodi prosesa kubwa zaidi ni kupoteza pesa, nazo, tusisahau, ni pesa za michango ya watu.

Mzigo huo wa kugawa ubebwe na seva za akiba zilizo karibu na watazamaji. Katika HLS, mfumo wa kurusha video kwenye intaneti uliotolewa na Apple mwaka 2009, video hukatwa vipande vya sekunde chache, aghalabu 6, ambavyo ni mafaili ya kawaida. Seva ya akiba hukichukua kipande kwenye seva mama, yaani ile iliyochakata video, ikakihifadhi, kisha ikawagawia wote wanaokihitaji. Vipande vyenyewe havibadiliki, lakini orodha yake, ambayo kifaa cha mtazamaji huisoma kujua kipande kinachofuata, hubadilika kila kinapoongezwa kipya, kwa hiyo muda wa kuihifadhi orodha uwe sekunde chache mno. Ukiurefusha, mtazamaji hukwama kwenye picha iliyokwisha pita.

Msitegemee pia kwamba mfumo utajiongezea seva wenyewe papo hapo. Seva mpya yaweza kuchukua dakika kadhaa kuwaka, na watu humiminika kwa pamoja mara tu baada ya Isha. Ziwasheni na kuzijaribu tangu alasiri. Matangazo yakimalizika, rekodi ihamishiwe kwenye hifadhi ya mafaili, iliyo nafuu zaidi, na seva za kuchakata zizimwe usiku uleule, kwani iliyoachwa ikiwaka hutozwa hata kama haina kazi.