Eriq Ebouaney, Mkongomani wa kwenye sinema

Jambo yenu wote. Wazee wetu, bamama, na ninyi vijana wa teatri mliojaa huku mbele, aksanti kwa kuja. Mliniomba niongee juu ya maisha ya mwigizaji mmoja. Nimemchagua mtu ambaye wengi wenu mnaijua sura yake bila kulijua jina lake. Wapo watoto hapa Lubumbashi ambao ukiwatajia Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, uso unaowajia ni wa Eriq Ebouaney.

Ebouaney si mtu wa Kongo. Alizaliwa Angers, Ufaransa, mwaka 1967, kwa wazazi wa Kamerun. Aliyemfanya ajulikane ni mwongozaji Raoul Peck, alipompa nafasi ya Lumumba katika filamu iliyotoka mwaka 2000. Peck ni Mhaiti, ila sehemu ya utoto wake ilipita Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa kuwa wazazi wake walikuja kufanya kazi huku baada ya uhuru. Rais wa wakati ule, Kasa-Vubu, alichezwa na Maka Kotto, naye mzaliwa wa Kamerun, ambaye baadaye alikuwa waziri wa utamaduni kule Quebec. (Vijana, muwaambie hilo wazazi wanaosema teatri haina faida.) Mobutu, mkuu wa jeshi aliyekuja kuwa rais, alichezwa na Alex Descas, mzaliwa wa Paris. Na kwa kuwa miaka ile nchi yetu ilikuwa vitani, kamera hazikufika: walipiga picha Zimbabwe, na Beira kule Msumbiji. Basi zile barabara mnazodhani ni Léopoldville, nyingine zilijengwa na Wareno kando ya Bahari ya Hindi.

Najua swali la wazee: mbona msiba wetu uchezwe na wageni? Ni swali la haki, na hapa lina uzito kuliko pengine. Luano, uwanja wetu wa ndege, ndipo waliposhushwa Lumumba na wenzake Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961. Villa Brouwez, walikopigwa, iko huku huku. Shilatembo, walikouawa usiku ule, iko njia ya Likasi. Anayeigiza kifo kile anawaigizia watu ambao baba zao walilala mji huu usiku huo huo.

Hata hivyo mimi simnyimi Ebouaney haki yake. Fikirieni kazi aliyopewa. Lumumba si mtu wa kubuni. Dunia ilikwisha kumwona kwenye picha za Desemba 1960, baada ya kukamatwa: mikono imefungwa, askari anamshika kwa nguvu, mwingine anamsokomeza karatasi mdomoni. Uso wa Lumumba hapo haujibu kitu. Halii, hatukani, anageuza kichwa tu. Mwigizaji atashindanaje na uso kama ule? Akiongeza chumvi, anaumbuka.

Ebouaney aliwacheza watu wawili. Yupo Lumumba wa mbele ya watu, mwenye haraka, anayekata maneno ya wenzake kabla hawajamaliza. Halafu yupo marehemu, kwa sababu filamu ile inasimuliwa na mtu aliyekwisha kufa, na sauti hiyo haina haraka hata kidogo. Ni ya chini, karibu ya upole, kama baba anayepima ni nini watoto waambiwe na nini waachwe wasijue. Vijana, ninyi mnaopiga kelele kwenye repetisyo, mazoezi yetu, mkidhani sauti kubwa ndiyo uchungu, sikilizeni sauti hiyo mara mbili.

Televisheni nayo ina sehemu yake. Filamu ya Lumumba ilipoonyeshwa na HBO, televisheni ya Marekani, mwaka 2002, jina moja lilifutwa kwenye sauti: la Frank Carlucci, aliyekuwa afisa kwenye ubalozi wa Marekani Léopoldville mwaka 1960, na baadaye waziri wa ulinzi wa nchi yake. Miaka arobaini imepita, ni sinema tu, na bado kuna jina lisilotamkika.

Baada ya hapo kazi hazikukauka. Alicheza kwa waongozaji wakubwa, kwa Brian De Palma, na kwa Ridley Scott mwaka 2005 katika filamu ya vita vya msalaba. Huko alikuwa mtu wa pembeni, na sitakaa hapo. Kinachonigusa mimi ni kwamba Ukongomani haukumwachia. Mwaka 2004, kwenye filamu ya Afrika Kusini, ni Jean Claude, mkimbizi kutoka Kongo, msomi mwenye shahada ya udaktari ya elimu ya nyota, anayesafisha vibanda vya mbwa Cape Town. Mwaka 2006 ni Joe Yumba, Mkongomani mlinzi wa benki Dublin, ambaye majambazi wanateka familia yake ili awafungulie njia. Yumba! Jina la watu wa kwetu kabisa. Kisha mwaka 2017, mikononi mwa mwongozaji Mahamat-Saleh Haroun, anakuwa Abbas, si Mkongomani safari hii, ila jirani yetu: mwalimu wa Kifaransa aliyekimbia Bangui, Afrika ya Kati, na watoto wawili, sasa yuko sokoni Ufaransa akisubiri karatasi za ukimbizi.

Waziri mkuu, mkimbizi, mlinzi, mkimbizi tena. Wanaoandika filamu kule wanatuona hivyo, na hilo silipendi. Lakini mtazameni anavyowacheza. Yule mwenye fagio na yule mwenye sare ya ulinzi wanasimama kama watu waliosoma, waliokuwa na jina kwao. Hakumcheza hata mmoja kama wa kuombewa huruma. Nafasi ilikuwa ndogo. Yeye hakujikunja ili aienee.

Sasa nawageuzia ninyi. Sisi wa mji huu tuna mtu wa kumcheza ambaye hakuna Mfaransa atakayemweza: Moïse Tshombe, aliyeiongoza Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960. Humu ndani wamo watakaomtetea na watakaomlaani, na wengine wamekaa benchi moja. Nani atathubutu? Na atamcheza kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili chetu cha mtaani Kamalondo? Mama wa kule nyuma ameinua mkono tangu kitambo. Mama, tunakusikia.