Dregi ya rili inakwamakwama? Tuifungue (ila ile waya ishike kwa dole gumba, nimesema)

Haya wadau wa mshipi, karibuni tena uani kwangu hapa Kigamboni, leo sina samaki wa kuwaonyesha, leo nina rili inaumwa, ile mashine ya kukunjia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia. Sikilizeni kwanza, navuta mshipi taratibu... kimya... kimya... krrrt! Mmeisikia? Halafu inakwama tena. Hiyo ndiyo dregi inayonata, na ndiyo inayowakatia watu mishipi halafu wanaenda dukani kugombana na muuzaji.

Maana dregi ni breki tu jamani. Samaki akikimbia spuli, ile bobini yenye mshipi, inatakiwa izunguke, iachie mshipi kwa ulaini bila kushtuka. Ikinata, samaki anavuta wee, haiachii, halafu inaachia ghafla, na ule mshtuko wa mwanzo ndio unaokata. Mimi nilibadilisha mshipi mara mbili nikijua ni feki, nikanunua mnene zaidi, kolekole akaja akaondoka na chambo changu cha bandia kipya kabisa, hata picha sijakipiga. Mshipi ulikuwa mzima wa afya.

Ngoja niwaonyeshe kwa mizani. Hii ni ile ya springi ya kupimia samaki, nafunga mshipi kwenye ndoana yake, navuta. Angalieni mshale. Tatu, nne, tano, tano na nusu, kaachia, kashuka tatu! Mnaona? Inatakiwa mshale ukifika tatu ukae hapohapo tatu wakati spuli inazunguka. Hii inaruka kama mbuzi.

Sawa, tufungue. Nobu ya mbele, ile ya kukazia dregi, unazungusha kushoto mpaka itoke, spuli unaivuta juu, kwisha. Hapo hata mtoto anaweza. Chini ya spuli, kwenye shafti, yaani ule mhimili wa katikati, angalia kuna washa ndogo (visahani bapa vyenye tundu) au shimu, zile washa nyembamba sana, zisidondoke, mimi naziacha palepale zilipo.

Vitu vyote nafanyia ndani ya sinia. Sinia lenye ukingo, na kitambaa cheupe chini. Hili ni la ubwabwa, mwenyewe hajui kama lipo huku nje, tusiongee sana.

Sasa hapa ndipo. Geuza spuli uangalie lile shimo la katikati, utaona waya nyembamba imezunguka ukingoni, imekaa kwenye kijimfereji. Hiyo waya ni springi. Kazi yake kushikilia washa zote zisitoke. Na hiyo waya ina roho mbaya. Weka dole gumba JUU yake, kabla hujagusa na bisibisi, dole gumba juu. Mimi mara ya kwanza nilifungulia pwani, najifanya fundi mbele ya watu, nikaichokonoa hivi, tiii, ikaruka, tukaitafuta kwenye mchanga mpaka magharibi ikaingia. Nikasema aah waya tu, itakaa bila hiyo. Wiki iliyofuata niko kwenye boti nabadilisha spuli, nimeiinamisha kidogo tu, washa zote chubwi, chubwi, chubwi. Baharini. Kwa hiyo dole gumba.

Haya, dole gumba liko juu, bisibisi nyembamba naingiza kwenye ule mwanya wa waya, nainua ncha moja... ngoja, simu inafokasi kwenye mkono wangu, sio kwenye spuli. Aah. We kijana, hebu ishike hii simu, sogea, usizibe jua. Hapo. Narudia: ncha moja inainuka, dole gumba bado lipo, nazungusha polepole, imetoka. Naiweka kwenye kifuniko cha chupa. Sio kwenye sinia, kwenye kifuniko, nimeshajifunza.

Sasa washa. Natoa moja moja kwa kibano na kuzipanga mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kama zilivyotoka. Piga picha pia, usijiamini. Ya juu ya chuma, ina tundu lenye umbo la D, inashika shafti. Ya pili kaboni, hii nyeusi. Ya tatu chuma yenye masikio, masikio yanaingia kwenye mifereji ya spuli. Kaboni. Chuma ya D. Na ya mwisho...

Mbona tano? Zinatakiwa sita, za chuma tatu na za kaboni tatu. Subirini. Kijana, lete tochi. Ahaa, hii hapa! Imeganda chini kwenye spuli, unaweza kudhani ni sakafu ya spuli yenyewe. Nimefurahi hii imetokea kwenye video, maana wengi wanaiacha humo humo, wanasafisha tano, wanafunga, inanata vilevile. Ing'oe kwa ukucha taratibu. Na angalieni hii grisi, ya kahawia, ngumu kama gundi, na chumvi imo. Huyu mwenye rili aliweka grisi ya gari. Usiweke grisi ya gari, usiweke ya baiskeli, na yule mdau aliyeniuliza kuhusu mafuta ya nazi, kaka yangu nakuheshimu, lakini hapana.

Kusafisha napita haraka: chuma futa kwa kitambaa na spiriti, yenye kutu kidogo isugue kwa msasa laini juu ya kioo ili ibaki bapa, iliyopinda tupa. Kaboni nayo futa kwa spiriti, iache ikauke. Kama rili yako ina washa za felti, zile kama kitambaa kizito cha sufu, usizisugue, zikiwa zimekandamizika na kukauka kama kadibodi badilisha tu.

Kupaka: grisi ya dregi, kiasi cha punje ya mchele kwa kila kaboni, pande zote mbili, halafu futa inayobaki kwa kidole. Iwe inang'aa tu, isiwe imelowa. Felti ndiyo inataka kunywa zaidi, iache ishibe. Mimi vikopo vidogo vya hii grisi ninavyo, nauza, na washa za kaboni nakata kwa saizi, mwenye shida aandike hapo chini aina ya rili yake.

Kurudisha, kinyume: kaboni, D, kaboni, masikio, kaboni, D. Ukizipanga D mbili zikafuatana, dregi itateleza hata ukaze mpaka jasho likutoke. Hakikisha masikio yameingia kwenye mifereji, isukume kwa kidole, ikicheza kando haijakaa. Halafu waya, na dole gumba, jamani, DOLE GUMBA, inaruka hata wakati wa kurudi! Ingiza ncha moja, fuata ukingo mpaka isikike tik.

Futa shafti, tone moja la oili, spuli, nobu. Mizani tena... mbili, tatu, inazunguka, tatu, tatu, bado tatu. Sikilizeni hiyo sauti, kama cherehani!

Kuseti, mimi naweka robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Huu ni wa paundi 30, karibu kilo 13 na nusu, kwa hiyo kilo tatu na nusu mpaka nne na nusu inatosha. Kwa mizani, sio kwa kukisia na mkono, mkono unadanganya.

Ukirudi kuvua, kaza dregi kwanza ndipo uioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya kumwagia kwa kopo, usiielekezee mpira wa presha, unaisukumia chumvi ndani. Ikikauka ilegeze kabisa, ilale imelegea mpaka safari nyingine, la sivyo washa zinakandamizana na kushikana kama nilivyozikuta leo.

Eeh? Naitwa. Kijana, zima, zima simu, kaanza kuulizia sinia.