Chupa ya chai ya bibi yake Gloria

NEEMA: Karibuni tena, tupo Moshi kama kawaida. Leo tuliahidi kufungua sanduku la huduma ya kwanza la safari, kitu kimoja kimoja. Ila kwanza, kaka Eli, mtoto Gloria anaendeleaje?

ELI: Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Jana wamembadilishia bendeji. Kwa ambao hamjasikia, Jumamosi tulikuwa tunapanda Usangi kwenye kipaimara. Himo tumeshaipita, tunakaribia Kifaru, bibi yake akafungua chupa ya chai amimine. Mimi huku nikapiga tuta.

NEEMA: Ile chupa ya maua mekundu?

ELI: Hiyohiyo. Chai ya maziwa, imechemshwa saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi bado inatoa moshi. Ikamwagikia mtoto mkono, kutoka kiwiko mpaka kwenye shanga.

NEEMA: Jamani. Na sanduku lilikuwa wapi?

ELI: Kwenye buti, chini ya mkungu wa ndizi na mabegi ya watu saba. Mpaka nalifikia, shangazi ameshampaka dawa ya meno. Pale zahanati muuguzi ikabidi aitoe kwa pamba na maji, taratibu, imeshaanza kukauka. Mama Junior, mtoto alilia kuliko alivyolia alipoungua.

NEEMA: Poleni sana. Wasikilizaji, dawa ya meno hapana. Mafuta, ute wa yai, barafu, vyote hapana. Ni maji safi ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Hata mkichelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Na vya mkononi vitolewe mapema, kabla hapajavimba.

ELI: Zile shanga tulizikata kwa mkasi. Uzi ulikuwa umeshaanza kuzama kwenye nyama.

NEEMA: Na maji mlikuwa nayo?

ELI: Chupa mbili za lita moja na nusu. Zikaisha mara moja.

NEEMA: Ndiyo maana kwangu kitu cha kwanza cha huduma ya kwanza hakiingii hata sandukuni: ni dumu la maji la lita 20. Na ile chupa ya chai ibaki nyumbani.

ELI: Dumu sawa. Chupa, hapana.

NEEMA: Kaka Eli!

ELI: Mama anaamka saa tisa usiku kutuchemshia. Nimwambie aiache? Weka sheria moja: chai inamiminwa gari likiwa limesimama. Kosa la Jumamosi lilikuwa hapo.

NEEMA: Ukifunga breki ghafla, chupa inaruka na kifuniko kinaachia. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, chai ambayo wewe unakunywa yeye inamuunguza. Mnywe mezani kabla ya kuondoka.

ELI: Saa kumi alfajiri mtoto gani anakunywa chai? Wakifika Mwanga wana njaa, wanatapika njia nzima ya kupanda mlima.

NEEMA: Wapewe mkate na maji.

ELI: Mkate mkavu, bibi yao amekaa pembeni na chupa amenyimwa kuibeba? Siwezi, Mama Junior. Nimeuona ule mkono na bado siwezi.

NEEMA: Na mimi kwenye gari langu haipandi. Hata abebe mama mkwe.

ELI: Basi.

NEEMA: Naonyeshwa dakika mbili, na orodha ina vitu kumi. Niseme kimoja tu, ile karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula. Mkishapoza jeraha, ilazeni juu kwa urefu. Msiizungushe mkono mzima, maana utavimba. Malengelenge msiyapasue, na mtoto apelekwe akaonwe.

ELI: Sanduku nimelihamishia chini ya kiti cha mbele. Mkono wangu unalifikia.

NEEMA: ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, pamoja na glavu na vingine ni wiki ijayo. Mwambie Gloria namletea shanga mpya Jumapili, baada ya ibada ya kwanza.