Dopamini Haipimi Raha

Ndugu wasikilizaji, nimekwisha kulisema jambo hili katika kumbi nyingi, na nitalirudia maadamu bado tunaambiwa kwamba dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana habari kwayo, ni kemikali ya raha. Kauli hiyo inapotosha, na wanaoumizwa nayo ni wagonjwa.

Tazameni majaribio ya mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz. Kima alipopewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, seli za dopamini katika ubongo wake wa kati zilituma ishara kwa kasi. Alipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia tone, seli hizo ziliitikia taa, na tone lilipofika hazikushtuka tena, ingawa utamu ulikuwa uleule. Taa ilipowaka na tone lisije, zilinyamaza kidogo wakati uleule ambao tone lilitazamiwa. Raha ingefuata utamu. Dopamini ilifuata tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea.

Mtu ataniuliza: mbona kokeini, inayoongeza dopamini, humfurahisha mtumiaji? Humfurahisha, lakini aliyezama katika uraibu huzidi kuitamani hata furaha inapofifia. Panya walioharibiwa karibu seli zote za dopamini bado walionyesha usoni kwamba sukari ni tamu, ilhali hawakujishughulisha kukila chakula kilichokuwa mbele yao. Kutaka na kufurahia ni mambo mawili.

Sasa tuje kwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba, kwa wagonjwa wengi wenye saikosisi, yaani hali hiyo ya kupoteza uhalisia, dopamini hutengenezwa kupita kiasi katika striatamu, sehemu iliyo ndani ya ubongo. Fikirini ishara isemayo "zingatia hili" ikitolewa ovyo: kikohozi cha mpita njia na gari lililoegeshwa vyote vinaonekana kumlenga mgonjwa, naye, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, anatafuta maelezo. Maelezo hayo ndiyo tunayoyaita imani potofu. Dawa zilizoanza na klopromazini mwaka 1952 huziba vipokezi vya D2, yaani sehemu za seli zinazoipokea dopamini, na kuipunguzia ishara hiyo nguvu, lakini hazifuti papo hapo maelezo yaliyokwisha kujengeka. Kumkaripia mgonjwa kwamba amemeza dawa na bado anaamini ni kumwonea.

Sonona itabidi niiache, maana muda umekwisha. Kuhusu Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaotokana na kufa kwa seli za dopamini, nitasema hili tu: dawa zinazoiga dopamini huwaingiza baadhi ya wagonjwa katika kamari wasiyoweza kuizuia. Daktari aulize habari hiyo kila mgonjwa anaporudi kliniki, na amuulize pia mwenzi wake, kwa sababu mgonjwa mara nyingi huificha kwa aibu.